Mstari wa Wapagazi

Vitabu vya kupanda milima husimulia mengi: theluji, hofu, miguu iliyogoma, jua linalochomoza chini ya mawingu. Pesa husimuliwa kwa shida. Nimevisoma kwa miaka mingi, vingine vizuri sana, na kila nikifunga kimoja hubaki na maswali ya mtu aliyekulia Moshi. Safari hii iligharimu kiasi gani? Nani alilipa? Na hema lililokuwa limeshasimamishwa mwandishi alipofika kambini lilifikaje pale kabla yake?

Mwaka huu maswali hayo yameniingia mfukoni. Walimu sita wa shule moja tumekubaliana kupanda Kilimanjaro, na kwa kuwa mimi ndiye ninayetunza daftari la chama chetu cha kufa na kuzikana, nikapewa kazi ya kutengeneza bajeti. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa mezani pangu kumekuwa na maandishi matatu: makadirio ya bei kutoka kampuni moja ya mjini, kitabu cha Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889, na *Into Thin Air* cha Mmarekani Jon Krakauer, kuhusu maafa ya Everest ya mwaka 1996. Nimeyasoma yote matatu kwa jicho moja, kama simulizi za kweli, kwa sababu ndivyo yanavyojitambulisha. Hata makadirio. Karatasi inayoniambia siku ya tano nitalala wapi na nitakula nini ni simulizi, ila haijatokea bado.

Nianze na hayo makadirio. Yana kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni ratiba ya siku saba kwa njia ya Machame, na hapo mwandishi wake, yeyote awaye, amejimwaga. Tunatembea kwenye msitu wenye ukungu, tunatokea kwenye nyanda za Shira, tunaparamia ukuta wa Barranco, tunalala kambi ya Barafu kabla ya usiku wa kilele. Sina ugomvi na sifa hizo, mlima unazistahili. Kilichonisimamisha ni vitenzi. Chakula cha jioni kinatayarishwa. Maji ya moto ya kunawa yanaletwa mlangoni mwa hema. Mizigo inabebwa. Choo cha kubebeka kinasimikwa pembeni mwa kambi. Lugha yetu ina kauli ya kutendwa, na kauli hiyo haimlazimishi msemaji kumtaja mtendaji. Nimehesabu vitenzi 19 vya namna hiyo katika ratiba ile. Hakuna hata kimoja kilichofuatwa na jina la mtu.

Ukurasa wa pili ndio wenye bei. Inajumuisha ada za hifadhi, usafiri, chakula, kiongozi wa msafara, na "wahudumu". Nilimpelekea karatasi hiyo mjomba wangu, kaka yake mama, aliyebeba mizigo mlimani kwa zaidi ya miaka kumi kabla magoti hayajamkatalia. Aliishika mbali na macho, akasoma taratibu hadi mwisho.

"Mama, wagumu wako wapi hapa?"

Wagumu ndivyo wapagazi wanavyoitana wenyewe. Nikamwonyesha neno wahudumu.

"Hao ni wa hotelini," akasema. "Mimi nauliza wagumu. Wanakula mara ngapi? Wanalala wapi?"

Sijawahi kusikia uhakiki mfupi kuliko huo, na sikuweza kuujibu kwa kutumia maandishi yaliyokuwa mbele yetu. Ikabidi nigeukie namba.

Chukua mfano wa wageni wawili kutoka ng'ambo, kwa sababu soko la mlima limejengwa kwa ajili yao. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka kadhaa, mtu mzima asiye mkazi hulipa hifadhi dola 70 kwa siku, dola 50 kwa usiku mmoja wa kambi, na dola 20 za uokoaji kwa safari nzima. Siku 7 na usiku 6 ni dola 810. Ongeza kodi ya VAT ya asilimia 18, unapata dola 955.80. Kwa wawili ni dola 1,911.60, na hapo hakuna aliyepika wala kubeba kitu.

Sasa kikosi. Wageni wawili kwa njia ya mahema wanahitaji kiongozi, msaidizi wake, mpishi, na wapagazi wapatao 7. Shirika la kutetea wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ambalo limekuwapo tangu mwaka 2003, limekuwa likisisitiza mpagazi asilipwe chini ya shilingi 20,000 kwa siku. Wapagazi 7 kwa siku 7 ni shilingi 980,000. Tukikadiria shilingi 2,500 kwa dola, ni dola 392.

Safari hiyo ikiuzwa kwa dola 1,200 kwa kila mgeni, bei ambayo mtu ataisherehekea kama ameokota, mapato yote ni dola 2,400. Toa ada, zinabaki 488.40. Toa wapagazi, zinabaki 96.40. Kwa pesa hizo inabidi kuwalipa viongozi wawili na mpishi, kuwalisha watu 12 kwa wiki nzima, kununua gesi, kukodi gari la kwenda na kurudi, kufidia mahema yanayochakaa, na mwenye kampuni naye apeleke kitu nyumbani. Haiwezekani. Kuna mtu hakulipwa, au alilipwa nusu, au alikula mlo mmoja kwa siku. Hifadhi haikukosa chake, maana ada zake hulipwa kabla geti halijafunguliwa.

Mjomba anajua pesa hizo huokolewa vipi. Getini kuna mzani, na kanuni inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Anasema zamani kampuni yenye haraka ilikuwa ikipima mizigo vizuri mbele ya askari wa hifadhi, kisha mwendo wa nusu saa ndani ya msitu wapagazi wawili wanageuzwa kurudi na mizigo yao inagawanywa kwa waliobaki. Kwenye karatasi walikuwa 7, mlimani wako 5. Usiku walilala kwenye hema la kulia chakula, ila hawakuingia mpaka wageni wamalize kupiga soga na kwenda kulala. Kama soga ilikuwa tamu, walisubiri nje, kwenye mita 4,000, wamevaa makoti ya mitumba kutoka soko la Memorial.

Nikiwa na namba hizo kichwani nilirudi kwa Hans Meyer, nikitarajia kumkuta mkoloni wa kawaida ambaye watu weusi kwake ni mandhari. Kwa kiasi fulani ndivyo alivyo. Alichukua jiwe la kileleni akampelekea Kaiser, na kilele chenyewe akakipa jina la Kaiser Wilhelm, jina lililokaa mpaka uhuru wa mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge na kilele kikaitwa Uhuru. Lakini kitabu chake, kilichotoka mwaka 1890 kwa Kijerumani na mwaka uliofuata kwa Kiingereza, kina jambo ambalo simulizi nyingi za siku hizi hazina: hakionei aibu mipango. Meyer alitoka katika familia ya wachapishaji wa kamusi na ensaiklopidia kule Leipzig, na anaandika safari kama mtu aliyezoea kuhakikisha kila herufi ina mahali pake.

Alikuwa ameshashindwa. Mwaka 1887 barafu ilimzuia. Mwaka 1888 yeye na Oscar Baumann walikamatwa wakati wa vita vya Abushiri, wakaachiwa kwa fidia. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, na safari hii alikuwa ameelewa kwamba adui yake mkubwa alikuwa umbali kati ya chakula na kilele. Akaacha wengi wa msafara wake Marangu, kwa Mangi Mareale. Akaweka kambi ya kati juu ya msitu, na kambi nyingine juu zaidi, kwenye takriban mita 4,300, kisha akapanga watu wapeleke chakula na kuni kutoka kambi hadi kambi kwa vipindi. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa kreta wakiwa wamechoka mno, wakarudi kambini. Siku tatu baadaye, tarehe 6, walisimama kileleni. Kilichofanya jaribio la pili liwezekane ni chakula kilichopandishwa mlimani na watu wengine.

Na juu kule kambini alikuwepo mtu wa tatu. Meyer anamwandika Muini Amani, wa Pangani. Alibaki nao kwenye baridi ya kugandisha maji, akipika, akilinda kambi, peke yake wazungu walipokuwa kwenye barafu. Nimelitazama jina hilo sana. Mimi nalisoma Mwinyi Amani, na mtu wa pwani anayeitwa Mwinyi amebeba heshima ya ukoo, hakuzaliwa kuwa mpishi wa mtu. Meyer hakusikia hilo katika jina, au hakulijali. Hata hivyo alimwandika. Yupo ukurasani, anachoma kuni, anasubiri. Ukitaka kujua jinsi Kilimanjaro ilivyopandwa, sentensi zinazomhusu Mwinyi Amani zinaeleza zaidi kuliko kurasa za kukata ngazi kwenye barafu kwa shoka. Niliumia kugundua kwamba mtu wa Leipzig wa mwaka 1890 amemtaja mpishi wake kwa jina, na kampuni ya mjini kwetu, inayoendeshwa na watu wanaowajua wapishi wao tangu utotoni, imeandika "chakula kinatayarishwa".

Krakauer ni mwandishi bora kuliko Meyer kwa kila kipimo cha sanaa, na ndiye niliyemsoma kwa hofu zaidi, kwa sababu anaeleza pesa inavyofanya kazi ndani ya kichwa cha mpandaji. Bei anaitaja mapema: Rob Hall alitoza wateja wake dola 65,000 kila mmoja. Anaeleza pia kwamba yeye hakulipa. Jarida la *Outside* lilimpatia nafasi kwa kutoa fedha taslimu kidogo na nafasi ya matangazo kwa sehemu kubwa. Huo ni uungwana wa kiuandishi ambao sijauona mara nyingi. Msomaji anajua kuanzia mwanzo kwamba anayemsimulia ni sehemu ya biashara anayoichunguza.

Halafu anakuja Doug Hansen. Alikuwa mfanyakazi wa posta. Mwaka 1995 alipanda na Hall, akageuzwa akiwa karibu kabisa na kilele. Kurudi mwaka 1996 alifanya kazi usiku posta na mchana kwenye ujenzi, na Hall akampunguzia bei ili aje. Saa ya kugeuka ilikuwa saa nane mchana. Hansen alifika kileleni baada ya saa kumi, Hall akiwa naye, na wote wawili hawakurudi. Kati ya tarehe 10 na 11 Mei watu 8 walikufa mlimani hapo. Krakauer hasemi kwamba bei iliwaua, na mimi sisemi hivyo. Ila amepanga habari zake kwa namna ambayo msomaji hawezi kuusahau usiku wa posta anapofika kwenye saa kumi ile. Mtu aliyelipa mara mbili, kwa jasho, na aliyepunguziwa bei na rafiki, mwambie ageuke! Sasa hivi, ninapopanga michango ya walimu wenzangu, jina la Hansen linanijia kila mtu anaposema, "Basi tukishalipa tufike tu."

Ninamlaumu Krakauer kwa jambo moja, na hata hilo kwa kiasi. Hesabu za wateja amezifanya kwa undani kuliko za Masherpa. Hakuwaacha nje. Anamweleza vizuri Ngawang Topche, Msherpa wa kundi la Scott Fischer, aliyejaa maji mapafuni akipandisha mizigo na kufa wiki kadhaa baadaye. Lakini kila mahali ukisoma juu ya msiba ule unakutana na namba 8, na Ngawang Topche hayumo. Alikufa nje ya tarehe za simulizi, hospitalini, kama mtu aliyeanguka kazini kabla ya shughuli yenyewe kuanza.

Hapa nirudi kwenye daftari langu, maana kuna kipengele ambacho maandishi yote matatu yananifundisha kukitazama, nacho ni siku. Katika bajeti ya mlima mrefu, siku ni bidhaa kama gesi. Kwa mgeni, siku moja ya ziada na usiku wake ni dola 141.60 za ada tu. Kwa hiyo mtu akitaka kupunguza bei, siku ndiyo ya kwanza kukatwa. Mwili ndio unaoilipa. Kileleni Uhuru, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya Tanga, na mwili unahitaji usiku kadhaa kuzoea. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku. Sasa tazama njia ya Marangu kwa siku 5: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, na usiku uleule unaamshwa kwenda kileleni. Ni mita 1,000 kila hatua. Ratiba hiyo huuzwa kwa sababu ni nafuu na ina mabanda ya kulala. Wengi wanaorudi wakitapika hawajashindwa na miguu, wameshindwa na bajeti.

Mshika fedha wetu alipoona siku 7 alinipigia simu usiku. "Dada, hatuwezi kufanya 5? Sisi si watu wa hukuhuku?" Kuzaliwa Moshi ni kuzaliwa kwenye mita 800 na ushee. Haina faida yoyote ukiwa Barafu.

Na kwetu sisi hesabu inageuka kwa namna isiyopendeza. Mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo sana, kwa shilingi, na ndivyo inavyopaswa. Lakini ada ikishakuwa ndogo, sehemu kubwa ya bei inayobaki ni watu: ujira wao, chakula chao, hema lao. Mgeni akibembeleza bei anaweza kujidanganya kwamba anapambana na serikali au na tajiri wa kampuni. Sisi tukibembeleza, tunapunguza moja kwa moja kutoka kwa kijana wa Kibosho au Rombo ambaye huenda tulimfundisha hesabu darasa la sita. Sijaona maandishi ya Kiswahili yanayolisema hili wazi, na nimeyatafuta. Makala zetu za kuhimiza utalii wa ndani hutuambia mlima ni urithi wetu na kwamba ni aibu wageni waujue kuliko sisi. Sawa kabisa. Halafu zinamalizia kwa kutuambia "bei ni nafuu", na kamera inageukia kileleni.

Kuna pia bakshishi, ambayo makadirio yetu yameiweka mwishoni, kwa herufi ndogo, "si lazima ila inathaminiwa". Siku ya mwisho kikosi huimba, kiongozi husema maneno, mgeni hutoa bahasha. Wageni wengi husimulia tukio hilo kwa machozi, na naamini machozi ni ya kweli. Lakini mjomba anasema kwa miaka yake mingi mlimani bahasha ndiyo iliyokuwa mshahara, na kile alichoitiwa ofisini kilikuwa nauli. Kama ni hivyo, wimbo ule unahitaji kusikilizwa upya. Wanaoimba wanasubiri kujua wamelipwa kiasi gani kwa wiki nzima, na wanatakiwa kutabasamu wakati wakisubiri.

Bajeti yangu nimeiandika upya mara tatu. Toleo la sasa limeondoa neno wahudumu. Lina mstari unaosema wapagazi, idadi yao, siku 7, shilingi 20,000 kwa siku, milo mitatu, hema lao wenyewe la kulala lisilo la kulia chakula, na karatasi ya majina tutakayopewa getini na kukaguliwa kila kambi. Bakshishi iko kwenye mstari wake chini, tofauti. Kampuni ya kwanza iliposoma ilisema hawajazoea kuandika hivyo. Ya pili ilikubali, kwa bei ya juu zaidi, na kiongozi wao akaniuliza kwa utani kama nina ndugu mlimani.

Jumla imepanda kiasi cha kuwafanya wawili kati yetu wanyamaze kwa siku nne. Jana mmoja wao ameandika kuuliza kama tunaweza kuahirisha kutoka Agosti hadi Februari, ili tupate miezi sita zaidi ya kuchanga. Februari ni kukavu, na usiku wa Barafu huwa na afadhali kidogo. Nimemjibu kwamba Februari inafaa, ila kabla sijathibitisha itabidi tuongee na mwalimu mkuu kuhusu ruhusa.